Mradi umeisha, kibao kimebaki

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

Ukipanda kutoka Mombo, kilomita zipatazo 33 za kona juu ya kona, historia ya misaada ya Usambara Magharibi utaisoma kabla hujafika Lushoto mjini. Imeandikwa kwenye vibao vya barabarani. Mradi wa maji, mradi wa miche, mradi wa vijana, mradi wa akina mama. Vingine vimeshika kutu hadi nembo za wafadhili zimebanduka. Kimoja kimebakiwa na maneno "kwa ufadhili wa", na baada yake ni bati tupu.

Nyuma ya kibao hicho kuna shamba lililoning'inia kwenye mteremko. Juu mahindi na maharage, chini viazi, na katikati mstari wa majani marefu ya guatemala uliokatiza kilima kwa usawa. Mama mmoja anayakata kwa mundu. Mkono wa kushoto kauzungushia kitambaa, maana ukingo wa jani hilo unachana kama wembe. Mzigo ukitosha anaufunga kwa kamba ya mgomba, anajitwisha na kuondoka. Ng'ombe yuko bandani, anasubiri.

Mstari ule wa majani hauna kibao. Mistari ya namna hiyo ilienezwa wilayani na SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuendeleza kilimo mseto, uliofadhiliwa na Ujerumani kupitia shirika lake la GTZ kuanzia 1981 hadi 2000. Magari yake yaliondoka zamani. Majani yanakatwa hadi leo kwa sababu ng'ombe anakula kila siku.

Nimeanzia shambani kwa makusudi, kwa sababu kazi niliyopewa ni ya ofisini: kuandika juu ya ruzuku. Tena ruzuku ya aina moja iliyo adimu, ile isiyonunua madawati wala kuchimba kisima. Inailipia asasi muda wa kukaa chini na kujiuliza maswali magumu. Tunamhudumia nani? Mwanzilishi akichoka, nani atashika? Tuungane na wenzetu wa ng'ambo ya bonde? Tuanzishe biashara? Tufunge?

Hesabu ya ofisi ya vyumba viwili

Asasi nyingi za milimani zinafanana. Vyumba viwili vya kupanga nyuma ya maduka, kompyuta moja, pikipiki moja iliyobaki kutoka mradi uliopita, mratibu ambaye pia ni mwanzilishi, na vijana watatu au wanne wanaojitolea huku wakiomba ajira kwingine. Ukutani kuna cheti cha usajili kwenye fremu na mpango mkakati wa miaka mitano ulioisha muda wake.

Tuchukue mfano wa kubuni, maana hesabu huongea vizuri kuliko semina. Asasi imeandika andiko, imepata shilingi milioni 60 kwa mwaka mmoja. Mfadhili ameruhusu asilimia 7 iwe gharama za uendeshaji. Hiyo ni milioni 4.2. Pango la ofisi ni 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.8 kwa mwaka. Zinabaki milioni 2.4, sawa na 200,000 kwa mwezi: umeme, intaneti, matairi ya pikipiki, mhasibu wa kibarua, na mkaguzi wa hesabu ambaye ripoti yake ndiyo sharti la kupata ruzuku ijayo.

Milioni 55.8 zilizobaki ni za kazi: mafunzo, posho, mafuta, ukumbi, vitini, kofia na fulana. Mwaka ukiisha, kila shilingi imeandikiwa ripoti na mfuko umebaki mtupu kama siku ya kwanza. Mwezi wa kumi na tatu mratibu anatafuta tangazo jingine. Likiwa la mabadiliko ya tabianchi, asasi inakuwa ya tabianchi. Likiwa la afya ya uzazi, inakuwa ya afya ya uzazi. Nimewahi kushika kijarida cha asasi moja kilichotaja maeneo kumi na moja ya utaalamu. Wafanyakazi walikuwa watano.

> Mwezi wa kumi na tatu mratibu anatafuta tangazo jingine. Likiwa la tabianchi, asasi inakuwa ya tabianchi.

Katika mzunguko huo hakuna mahali pa kufikiri. Andiko la mradi lina mistari ya "kujengea uwezo jamii", lakini mstari wa asasi kujitazama yenyewe ukiuweka, mara nyingi ndio wa kwanza kufutwa.

Januari iliyofunga mabomba

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, imefutwa. Julai mosi shirika hilo likaacha kuwa shirika. Kilichobaki kikamezwa na wizara ya Rubio. Uingereza nayo, Februari mwaka huo huo, ikatangaza kupunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027.

Kuna kinaya hapa ambacho hakikupewa nafasi kubwa magazetini. Kuanzia Oktoba 2024, kanuni za Marekani zilikuwa zimepandisha kiwango ambacho asasi isiyo na makubaliano maalumu inaweza kudai kwa gharama zake za uendeshaji, kutoka asilimia 10 hadi 15. Asasi ndogo zilikuwa zimelilia jambo hilo miaka mingi. Ziliongezewa sahani miezi mitatu kabla chungu hakijaondolewa jikoni.

Lushoto si Dar es Salaam. Asasi nyingi hapa hazikuwahi kupokea dola moja kwa moja. Zilikuwa mwisho wa bomba: mfadhili, shirika la kimataifa, shirika la kitaifa, kisha zenyewe. Bomba lilipofungwa juu, waliokuwa chini ndio waliokauka kwanza, na pengine ndio wa mwisho kuambiwa.

Tangu hapo neno "uendelevu" limekuwa kama chumvi, kila andiko linalo. Serikali imeandaa mkakati wa taifa wa uendelevu wa mashirika yasiyo ya kiserikali, wa 2022/23 hadi 2026/27. Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi ya kutoa ruzuku kwa asasi za kiraia nchini mwaka 2003, imekuwa ikiambatanisha fedha na mafunzo ya uongozi na usimamizi. Mbali zaidi, Ford Foundation kupitia mpango wake wa BUILD ilitenga dola bilioni 1, na mwaka 2021 ikatangaza bilioni nyingine: ruzuku za miaka mitano, zisizofungwa na mradi mmoja, sehemu yake ikiwa ya kuimarisha taasisi yenyewe.

Asasi yenye pikipiki moja haitaziona fedha za Ford hata kwa darubini. Ila wazo lenyewe linaweza kushuka hadi huku milimani, Mlalo na Mtae, kwa kiasi kidogo sana. Swali ni kama likifika litakuwa bado wazo, au litakuwa semina nyingine.

Milima yenye kumbukumbu

Waandaaji wa ruzuku hizi za kujifikiria upya wakija huku wajue wanaingia kwa watu waliokwisha kubadilishwa mara nyingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuokoa udongo, ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara nzima. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na mzigo mkubwa wa jembe ukawaangukia wanawake. Asiyechimba aliadhibiwa. Watu waligoma, wakapinga, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika sana juu ya Shambaai, nchi ya Washambaa, ameonyesha jinsi Washambaa walivyopima watawala wao kwa mizani ya Kishambaa: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mpango uliokuja kwa jina la kuiponya ukawekwa kwenye sahani ya pili.

SECAP ilipofika 1981 ilikuta kumbukumbu hiyo ingali hai. Ilichukua njia nyingine: vitalu vya miche vijijini, mistari ya majani kwenye kontua, ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani. Tathmini iliyoandikwa na Lars Johansson na kutolewa 2001 iliitwa, kwa Kiswahili changu, "Miti Milioni Kumi Baadaye". Jina linatosha kueleza ukubwa wa kazi.

Lakini mradi wenyewe, kama taasisi, haukubaki. Ulikuwa na magari, wataalamu na bajeti ambayo halmashauri ya wilaya isingeweza kuibeba. Mwaka 2000 mfadhili alipofunga daftari, huduma nyingi zilipungua. Vilivyobaki ni vile vilivyokwisha kuhamia mikononi mwa mtu: mgrivea wa kuuza mbao, majani ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe. Kwenye vikao tunazungumzia uendelevu wa asasi na uendelevu wa kazi yake kana kwamba ni kitu kimoja, na hapa ndipo wengi tunapopotelea. SECAP imekufa, kazi yake inaliwa bandani. Na ziko asasi hai, zenye cheti na akaunti benki, ambazo kazi yake huioni popote.

> SECAP imekufa, kazi yake inaliwa bandani.

Lutindi: mfano tangu 1896

Anayetaka kuona taasisi iliyojibadili kweli asiende mbali. Kwenye milima hii hii, upande wa Korogwe, kuna Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1896 kiwe makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Miaka ikaenda, biashara ya watumwa ikazimwa, watoto wapya wakapungua. Jengo lipo, wahudumu wapo, wafadhili Ujerumani wapo, waliokusudiwa ndio wanaokwisha.

Kituo kingeweza kufanya kinachofanywa na asasi nyingi leo: kuzungushazungusha maana ya "mtoto aliyekombolewa" ili michango isikome. Mwaka 1904 Lutindi ikageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, pa kwanza pa aina yake Afrika Mashariki, wakati ambapo mgonjwa wa akili akizidiwa aliishia kufungwa kamba au kutupwa gerezani. Hadi leo ni hospitali ya magonjwa ya akili, na kazi za mikono na shamba ni sehemu ya tiba yake.

Sisemi wamisionari wale walikuwa malaika. Walikuja kwenye msafara mmoja na ukoloni. Nasema waliona kwamba hitaji lililowaleta limeisha, wakatazama pembeni na kuona jingine ambalo halina mwenyewe. Siamini kwamba kuna mshauri mwelekezi aliyewapa chati ya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho.

Jibini, vipepeo na tamko la waziri

Ushauri unaotolewa haraka siku hizi ni huu: anzisheni biashara. Lushoto ina mifano yake. Shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, linauza jibini, jemu na mkate mweusi wa Kijerumani kwa watalii wanaokwenda kutazama tambarare ya Wamasai kutoka ukingo wa mlima. Kule Sakharani, karibu na Soni, Wabenedikto wana shamba lao. Utalii wa kitamaduni, uliosukumwa na shirika la SNV la Uholanzi katikati ya miaka ya 1990, ulipoachwa na mfadhili haukufa. Waongoza watalii wa Lushoto bado wanapeleka wageni kutembea Magamba na Mtae, na vikundi kama Friends of Usambara vimeunganisha ada za wageni na upandaji miti.

Angalia lakini nani anafanikiwa. Kanisa lina ardhi, tena ya zamani. Watawa hawadai mishahara. Waongoza watalii wana bidhaa ambayo mgeni anaifuata mwenyewe. Asasi inayosaidia wajane kudai mirathi ya mashamba, au inayofundisha wazazi wasimfiche mtoto mwenye ulemavu, itauza nini? Kuiambia ijitegemee kwa kufuga kuku ni kuiambia iwe shamba la kuku lenye wajane pembeni.

Na hata bidhaa ikiwepo, soko si la kwako. Upande wa Amani, Usambara Mashariki, wanavijiji walianza kufuga vipepeo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Tanzania Forest Conservation Group, asasi iliyoanzishwa 1985. Ulikuwa mradi wa kupigiwa mfano. Mkulima anapanda mimea wanayokula viwavi, anavilea ndani ya neti hadi vinakuwa pupa, kisha pupa wanafungwa kwenye pamba na kupakiwa ndege kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. (Kiswahili kina utani wake: pupa ilibidi wasafirishwe kwa pupa, la sivyo wangetoka vipepeo ndani ya boksi.) Mkulima aliyekuwa akipata fedha za ada kutokana na kipepeo alikuwa na sababu ya kuulinda msitu.

Mwaka 2016 Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, baada ya kelele za haki juu ya utoroshaji wa wanyama. Kipepeo aliyefugwa kwenye neti akaingia kwenye kapu moja na tumbili. Juni 2022 ikatangazwa kwamba zuio linalegezwa, na tangazo hilo likasitishwa kabla watu hawajamaliza kupongezana. Mradi ule ulikuwa na kila kitu kinachotajwa kwenye fomu za uendelevu: soko, wazalishaji, mgawanyo wa mapato, faida kwa mazingira. Haukuwa na kinga dhidi ya sentensi moja ya waziri.

Wanaovutana

Watoa ruzuku wana hoja yao, na si ya kubeza. Asasi nyingi ni za mtu mmoja. Bodi inakutana pale saini zinapohitajika, mweka hazina ni shemeji, mwanzilishi ndiye katiba inayotembea. Fedha za bure zisizo na mradi kwa asasi ya namna hiyo, wanasema, ni kumwongezea mwanzilishi miaka ya kukalia kiti.

Serikali inataka kujua nani anapokea nini. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO), Na. 24 ya 2002, ilirekebishwa 2019, na mashirika yaliyokuwa yamesajiliwa kama kampuni au vyama yakatakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGO. Kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Uwazi ni haki ya wananchi. Ila fikiria ofisi ile ya vyumba viwili: kila sharti jipya linakula zile 200,000 za mwezi.

Sheria inaruhusu asasi kuchangisha fedha kwa njia halali, lakini hapo mlangoni yuko pia mtoza kodi, TRA. Usajili wa NGO peke yake haukupi hadhi ya shirika la hisani kwenye kodi. Bila hadhi hiyo, faida ya kibanda chenu cha asali inatazamwa kama faida ya mfanyabiashara mwingine, na kodi ya mapato ya taasisi ni asilimia 30. Mshauri aliyewaambia "anzisheni biashara" mara nyingi huwa amesharudi Dar es Salaam wakati barua ya makadirio inafika.

Asasi zenyewe zinasema, na katika hili mimi niko upande wao, kwamba huwezi kumdai mtu mpango wa miaka kumi kwa mkataba wa miezi kumi na miwili.

Fedha za kufikiri zitumikeje?

Hofu yangu kubwa ni mazoea. Ruzuku ya kujifikiria upya ikitua Lushoto leo, naijua ratiba yake: hoteli yenye bustani, siku tatu, bango la plastiki lenye tarehe, mwezeshaji kutoka mjini, ile chati ya visanduku vinne vya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, chakula cha mchana, picha ya pamoja. Mwisho unatoka mpango mkakati mwingine wa kuweka kwenye fremu jirani na ule ulioisha.

Ningekuwa mimi ndiye naandika masharti, sehemu kubwa ya fedha ingekwenda kwenye miguu. Mratibu na bodi yake wapande hadi vijiji walivyofanya kazi miaka mitano iliyopita, bila fulana, bila posho ya wahudhuriaji, waulize kimebaki nini. Wakute tanki lisilo na koki, wakute pia kikundi cha VICOBA ambacho kimesahau jina la asasi lakini bado kinakopeshana kila Alhamisi. Hicho cha pili ndicho mali yao.

Sehemu nyingine ilipe mshahara wa naibu mratibu kwa miezi kumi na minane, ili mwanzilishi apate wa kumwachia funguo akiwa bado ana nguvu za kumwelekeza. Nyingine ilipe mwanasheria wa kuziunganisha asasi mbili zinazofanya kazi ile ile Bumbuli na Soni, au mhasibu mmoja wa kuhudumia asasi nne. Hakuna utepe wa kukata katika kazi hizi, na huenda ndiyo maana hazifadhiliwi.

Halafu kuna neno ambalo sijaliona kwenye tangazo lolote la ruzuku: kufunga. Asasi iliyomaliza kazi yake, au iliyoshindwa, inaburutwa miaka kwa sababu kufungwa ni aibu na pia ni gharama. Kuna malimbikizo ya watumishi, kuna kodi, kuna mafaili ya watu walioleta siri zao na yanahitaji mahali salama, kuna wanufaika wa kukabidhiwa kwa mwingine kwa heshima. Kwa hiyo wanaacha mlango umefungwa kwa kufuli, simu haipokelewi, kibao kinaendelea kusimama barabarani.

Kwa wanaoandaa matangazo ya ruzuku mwaka huu, ombi langu ni dogo. Kwenye fomu, chini ya "Mnataka kukua vipi?", ongezeni mstari mmoja: "Je, mnataka kufunga, na itagharimu kiasi gani?" Atakayejibu ndiyo, mlipeni.